Charles de Foucauld: Mtu Aliyeamriwa Kupiga Magoti

Zikitajwa habari za watakatifu wa Kanisa Katoliki la Roma, baadhi yetu Waanglikana hujikunyata kidogo, kama mtu aliyealikwa karamu kwa jirani asijue aketi wapi. Kwa huyu tunayetaka kumweleza leo hatuna haja ya kujikunyata, maana Kanisa la Uingereza nalo limemtia katika kalenda yake, tarehe 1 Desemba. Ni Charles de Foucauld, Mfaransa, aliyeuawa katika jangwa la Sahara mwaka 1916. Tumemchagua kwa kuwa Wakatoliki, wakifundisha habari za dhambi, hufundisha hapo hapo habari za utii na za kumtumaini Mungu, na wengi wetu hatuoni mambo hayo yanavyoshikana. Katika maisha ya mtu huyu yalishikana, tena kwa maumivu.

Alizaliwa Strasbourg tarehe 15 Septemba 1858, katika ukoo wa makabaila wenye mali. Mwaka 1864, kabla hajatimiza miaka sita, mama yake alifariki, na miezi michache baadaye baba yake akamfuata. Yeye na dada yake mdogo, Marie, walilelewa na babu yao mzaa mama, kanali mstaafu, mzee mwema sana ambaye hakuweza kumkatalia mjukuu wake jambo lo lote. Wajerumani walipoitwaa Strasbourg baada ya vita vya mwaka 1870, familia ilihamia mji wa Nancy. Huko Charles alipokea komunyo yake ya kwanza mwaka 1872. Miaka miwili hivi baadaye imani ilikuwa imekwisha kumtoka. Alikuwa amesoma vitabu vya kila namna bila mtu wa kumwongoza, akaona kila mwandishi anabomoa alichojenga mwenzake, akahitimisha kwamba katika dini hakuna neno la hakika.

Shule ya Wajesuiti huko Paris ilimwondoa kwa uvivu. Akaingia chuo cha maofisa cha Saint-Cyr mwaka 1876, kisha chuo cha wapanda farasi cha Saumur, na huko alimaliza akiwa wa mwisho kati ya wanafunzi 87. Babu yake alifariki mwaka 1878, naye akarithi mali nyingi. Mali ile aliitawanya kwa karamu, mvinyo, kamari na wanawake, hata ndugu zake wakaenda mahakamani apate kuwekewa msimamizi wa fedha zake. Alipohamishiwa Aljeria mwaka 1880 alimchukua mwanamke mmoja, akamtambulisha kama mke wake. Wakubwa wake walimwamuru amrudishe Ufaransa, akakataa. Alipoambiwa achague kati ya amri na jeshi, aliliacha jeshi.

Tusiharakishe kupita hapa. Watu wanaoandika maisha ya watakatifu hupenda kuitaja dhambi ya ujanani kama mpishi anavyotaja chumvi, kidogo tu, ili chakula kikolee. Yeye mwenyewe, alipoyakumbuka mambo hayo baadaye, hakuyafanyia mzaha. Alikumbuka zaidi huzuni iliyomwingia usiku, wageni wakiisha kuondoka, akabaki peke yake hana la kusema wala la kutaka. Hakuwa mtu mkatili, na rafiki zake walimpenda kwa ukarimu wake. Ila tangu utotoni hakuwahi kupata mtu wa kumwambia hapana akasikia, na mtu wa namna hiyo hufika mahali ambapo hata furaha yenyewe humchosha.

Kulikuwa na nguvu nyingine ndani yake iliyokuwa imelala. Aliposikia kwamba kikosi chake kinapelekwa vitani upande wa kusini wa Oran, aliomba arudishwe, akaonyesha ushujaa na uvumilivu ambao hakuna aliyeutazamia. Mwaka 1882 aliacha jeshi kabisa akajitayarisha kuisafiri Moroko, nchi ambayo wakati ule Mzungu Mkristo hakuruhusiwa kutembea atakavyo. Alijivika mavazi ya rabi wa Kiyahudi, akaongozwa na rabi wa kweli, Mardochée Aby Serour, na tangu Juni 1883 mpaka Mei 1884 alitembea kiasi cha kilometa 3,000, akiandika vipimo vyake kwa siri katika kijitabu kilichoenea ndani ya kiganja. Chama cha Jiografia cha Paris kilimpa nishani ya dhahabu. Lakini yeye alirudi na kitu kingine zaidi ya nishani: alikuwa ameona Waislamu wakisali, mahali po pote, saa yao ikifika, bila haya. Kijana asiyeamini alianza kujiuliza kama watu hao wote ni wajinga, au kama yeye ndiye aliyepungukiwa.

Paris alipanga nyumba karibu na jamaa zake, hasa binamu yake Marie de Bondy, mwanamke mwenye imani na akili, ambaye hakumhubiri wala kumlaumu. Akaanza kuingia makanisani na kukaa kimya, akimwomba Mungu, ikiwa yupo, ajijulishe kwake. Hatimaye alisikia habari za Padre Huvelin wa parokia ya Mtakatifu Augustino, mtu msomi, dhaifu wa afya, asiyetaka makuu.

Asubuhi moja mwishoni mwa Oktoba 1886 alimwendea kwenye kiti cha maungamo. Hakupiga magoti. Aliinama tu, akaeleza kwamba hakuja kuungama kwa kuwa hana imani; alitaka afundishwe dini. Padre alimwambia apige magoti aungame dhambi zake, naye ataamini. Charles alisita, kisha akapiga magoti, akaungama maisha yake yote. Alipomaliza, padre akamwuliza kama amekula cho chote tangu asubuhi. Hakuwa amekula. Akaambiwa aende akapokee komunyo saa ile ile.

Tukiri kwamba sisi, kama tungalikuwa mahali pa padre yule, tungalimpa kitabu. Tumekuwa walimu muda mrefu mno. Mtu akituambia hajui, mkono wetu huenda kabatini wenyewe. Padre Huvelin aliona kwamba mtu huyu amesoma vya kutosha. Maswali yake yalikuwa ya kweli, lakini yalikuwa pia ukuta aliojificha nyuma yake. Alimtaka aanze na kitu alichokijua kwa hakika bila kitabu, yaani mabaya aliyoyatenda. Si kila padre anaweza kumtendea kila mtu hivyo, na tunadhani anayeiga jambo hilo bila kumjua aliye mbele yake anaweza kumfukuza kanisani asirudi tena. Kwa Charles lilifaa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya utu uzima alipewa amri ngumu na mtu ambaye hakutafuta faida yo yote kwake, akaitii kabla hajaielewa. Baadaye alisema kwamba tangu alipoamini kuwa Mungu yupo, aliona hawezi kuishi ila kwa ajili yake.

Katika Kanisa letu Anglikana maungamo mbele ya padre hayalazimishwi, ingawa yapo, na wazee waliolelewa katika dayosisi zilizoanzishwa na wamisionari wa U.M.C.A. wanayajua vizuri. Wengi huyaepuka wakisema wanaungama kwa Mungu moja kwa moja. Ni sawa. Swali ni kama kweli tunaungama huko, au twapita tu juu juu, kama mtu anayefagia katikati ya chumba akaziacha pembe.

Charles alitaka kuwa mtawa siku ile ile. Huvelin alisema hapana, akamzuia zaidi ya miaka mitatu. Akamtuma kwanza kuhiji katika Nchi Takatifu, na huko Nazareti, kati ya mwaka 1888 na 1889, Charles alitembea katika njia nyembamba za mji akapatwa na wazo ambalo halikumwacha tena: kwamba Mwana wa Mungu aliishi hapa miaka thelathini, fundi asiyejulikana. Akaitamani nafasi hiyo ya mwisho.

Januari 1890 aliingia monasteri ya Watrapisti ya Notre-Dame-des-Neiges, na baada ya miezi michache, kwa ombi lake, akapelekwa katika nyumba yao maskini zaidi, huko Akbès, katika Shamu iliyokuwa chini ya Waturuki. Siku moja alitumwa kukesha na kusali penye msiba wa kibarua mmoja Mkatoliki wa kijiji cha jirani. Alipoiona nyumba ya marehemu aliona aibu. Monasteri aliyoiita maskini ilikuwa jumba la kifalme kando ya kibanda kile. Akaanza kuandika kanuni za shirika jipya la ndugu wadogo, akampelekea Huvelin. Jibu la Huvelin lilikuwa kali: kanuni hizo haziwezekani, zinatisha, na amwombe asiwaite watu kuzifuata.

Hapa tungependa kusimama kidogo. Zamani tulipokuwa katika chuo cha ualimu tulikuwa na mwanafunzi mmoja ambaye hakubisha neno hata siku moja. Tulimsifu katika taarifa yake. Baada ya miaka miwili tulimtembelea shuleni kwake, tukakuta watoto wanatetemeka akiingia darasani, naye alishangaa tulipomwonya, maana alidhani anafanya tulivyomfanyia sisi. Tangu siku ile hatukuusifu tena utii kwa kuuangalia tu usoni. Utii wa Charles nao ulikuwa na hatari hiyo. Alijitwisha mizigo ambayo mwili wa mtu hauwezi, akataka kuwatwisha na wengine. Kilichomwokoa ni kwamba alimtii mtu aliyekuwa mpole kuliko yeye. Huvelin alitumia mamlaka yake karibu siku zote kumpunguzia.

Mwaka 1897 ilimpasa ama kufunga nadhiri za daima ama kuondoka. Aliliweka jambo mikononi mwa mkuu wa Watrapisti huko Roma, akiwa tayari kwa neno lo lote, hata kama ni kubaki maisha yake yote mahali ambapo moyo wake haukuwapo tena. Tarehe 23 Januari aliambiwa yuko huru. Ni katika miaka hiyo alipoandika tafakari juu ya Kristo kujiweka mikononi mwa Baba yake, na kutokana nayo watu wengine baadaye walitoa ile sala ya kujiachilia kwa Mungu inayojulikana sasa kwa jina lake.

Basi akarudi Nazareti akawa mtumishi wa masista Waklara, akilala katika kibanda cha mbao bustanini, akifanya kazi za mikono, na tunaambiwa hakuzifanya vizuri sana. Miaka mitatu alikaa hivyo. Kisha alikubali upadre, jambo alilolikwepa muda mrefu akijiona hastahili, akapewa daraja hiyo huko Viviers tarehe 9 Juni 1901. Miezi minne baadaye alikuwa Béni Abbès, kusini mwa Aljeria, karibu na mpaka wa Moroko.

Huko alikuta utumwa. Sisi ambao kanisa kuu letu la Zanzibar lilijengwa Mkunazini, mahali pa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, hatuhitaji kuelezwa neno hilo. Charles aliona maofisa wa Kifaransa wakiacha utumwa uendelee ili wasiwaudhi wakubwa wa kienyeji. Alikusanya fedha akawakomboa watumwa kadhaa, wa kwanza mnamo Januari 1902, akaandika barua nyingi akidai Kanisa liseme hadharani. Mkuu wake wa kanisa katika Sahara, Padre Guérin, alikuwa wa shirika la Mapadre Weupe, wale wale waliofika Uganda mwaka 1879, shirika la Kardinali Lavigerie ambaye mwaka 1888 alizunguka Ulaya akiupiga vita utumwa. Hata hivyo Guérin alimsihi awe na busara asizidi kuwachokoza watawala. Charles alitii. Aliendelea kuwakomboa aliowaweza na kuwapokea mlangoni, ila kelele zile alizinyamazisha, na moyo ulimwuma.

Je, alifanya vema? Tumelifikiria jambo hili mara nyingi, na hatuoni kwamba utii wake hapo ulikuwa na nuru ile ile ya kiti cha maungamo. Pale alitii juu ya dhambi zake mwenyewe. Hapa ilikuwa juu ya minyororo ya watu wengine. Anayemheshimu mtakatifu halazimiki kusifu kila alilolitenda, na tunadhani hapa wakubwa wake walimwomba kitu ambacho haikuwapasa kumwomba.

Agosti 1905 alifika Tamanrasset, katika nchi ya Watuareg, kijiji cha vibanda vichache kati ya milima mikavu. Alipatana na mkuu wao, Moussa ag Amastan, akajenga nyumba ndogo, akajifunza lugha yao kwa bidii ya ajabu. Yule mwanafunzi wa mwisho wa Saumur alitunga kamusi kubwa ya Kituareg, iliyochapishwa miaka mingi baada ya kufa kwake katika majuzuu manne, na wataalamu wanaiheshimu hata leo. Aliomba jina lake lisionekane katika kazi hizo.

Lakini lililomgharimu zaidi lilikuwa Misa. Kwa sheria ya Kanisa lake wakati ule padre hakuruhusiwa kuadhimisha akiwa peke yake kabisa, bila hata mtu mmoja wa kuitikia. Tamanrasset hakukuwa na Mkristo mwingine. Mwenzi mmoja tu alipata kumfuata jangwani, naye alirudi mapema mwaka 1907. Ikampasa achague: awaache Watuareg apate Misa, au abaki nao aikose. Yeye aliyekuwa akikaa saa nyingi usiku mbele ya Sakramenti aliamua kubaki. Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana ya mwaka 1907 ilipita bila Misa. Nchi ilikuwa na ukame na njaa, naye akiba yake alikuwa amewagawia watoto. Januari 1908 aliugua, hakuweza kujigeuza kitandani, akaandika kwamba mwisho umekaribia.

Ndipo Watuareg walipokwenda huku na huku, umbali wa kilometa kadhaa, kuwatafuta mbuzi wachache waliokuwa bado na maziwa katika kiangazi kile, wakamletea. Miaka yote alikuwa mtoaji, mwenye kufungua mlango. Sasa alilala hoi, akalishwa na watu ambao alidhani amekuja kuwapa. Tangu hapo, kwa maoni ya wengi walioyachunguza maisha yake, urafiki wa kweli ulianza. Na mwisho wa mwezi ule ule ikamfikia habari kutoka Roma kwamba amepewa ruhusa ya kuadhimisha peke yake.

Kwa hesabu ya taarifa za misheni, kazi yake ilikuwa bure. Waliobatizwa kwa mkono wake wanahesabika kwa vidole. Chama cha waumini alichokianzisha hakikufikia watu 50 alipokufa. Hakupata ndugu hata mmoja. Huvelin alifariki mwaka 1910, Guérin pia akafariki mwaka huo huo, na Charles akabaki bila watu wawili aliozoea kuwauliza.

Haifai kuficha upande mwingine. Aliipenda Ufaransa kama ofisa wa zamani, akawaandikia maofisa mara kwa mara, na hakuwa na shaka kwamba utawala wao ungewafaa watu wa Sahara. Vita vilipokuja aliwajengea wanakijiji ngome ya udongo, na ndani yake ziliwekwa bunduki. Walioandika juu yake kutoka Aljeria wameyakumbusha hayo, na wana haki.

Jioni ya tarehe 1 Desemba 1916 mtu mmoja wa kijijini, aliyekuwa amesaidiwa naye, alibisha mlango akisema ameleta barua. Charles alifungua. Kundi la watu wenye silaha waliounga mkono Wasanusi walimvuta nje, wakamfunga mikono nyuma, wakamweka amepiga magoti ukutani. Paul, mmoja wa watumwa aliowakomboa, alikuwa hapo akaona yote. Charles hakusema neno. Mara wakatokea askari wawili wapanda ngamia, wasio na habari. Kukawa na fujo, na kijana aliyeachwa kumlinda akaingiwa na hofu, akampiga risasi ya kichwa. Alikuwa na umri wa miaka 58.

Wiki chache baadaye ofisa mmoja wa Kifaransa alifika, akakuta vitabu na karatasi vimetawanyika, na karatasi hizo zikaokotwa. Mchangani, kidogo kutoka ukutani, kulikuwa na monstransi yake ndogo, Hostia ikiwa bado ndani yake.

Mwaka 1933 mapadre vijana watano, mmoja wao René Voillaume, walikwenda kuishi El Abiodh pembeni mwa Sahara wakifuata mawazo yake, na ndio mwanzo wa Ndugu Wadogo wa Yesu. Kanuni waliyoishi ilikuwa nyepesi kuliko ile iliyomtisha Huvelin. Masista wakafuata mwaka 1939. Alitajwa mwenye heri mwaka 2005, na tarehe 15 Mei 2022, huko Roma, Papa Fransisko alimtangaza kuwa mtakatifu. Kaburi lake liko El Goléa, walikouhamishia mwili wake mwaka 1929. Moyo wake waliuacha Tamanrasset.